Pimeni na Mimi Ndani

Tani alikuwa mnene, na hilo tulimalize mapema, maana kisa chote kimekaa hapo. Hakuwa mnene wa kusingiziwa. Alikuwa mnene wa kukaa kwenye benchi na benchi likainuka upande wa pili, mwoka mikate aliyekanda unga kwa mikono tangu usichana wake hadi mabega yakawa ya mchukuzi wa magunia. Jina la Tani alibandikwa na madereva wenzake siku ya kwanza alipojitokeza kwenye mbio, wakidhani ataona haya na kwenda zake. Wapi! Mbio zilizofuata alirudi ameliandika kwa rangi nyekundu kwenye milango yote miwili ya gari lake, herufi za kusomeka kutoka ng'ambo ya machimbo. Baada ya hapo waliotaka kumcheka walitafuta pa kujificha kwanza.

Mbio zenyewe zilikuwa za watu wenye kazi zao nyingine. Alikuwepo dereva wa gari la wagonjwa, alikuwepo mwalimu wa hesabu, walikuwepo wauza vipuri na muuza miwani. Jumapili wachimbaji wa kokoto wanapopumzika, wao waliingia machimboni na magari yao machakavu yaliyotiwa viraka, wakazunguka njia ya udongo gari moja moja huku saa ikihesabu. Mwenye muda mfupi ndiye mshindi. Walirudi nyumbani na vumbi masikioni, na Jumatatu kila mtu yuko kazini kwake akipiga miayo.

Tani alishindana kwenye daraja la magari madogo, na daraja hilo lilikuwa na sheria moja isiyo na utata. Gari lisiwe jepesi kupita kiwango, na lipimwe dereva akiwa ndani, amevaa helmeti na kila kitu chake. Dereva mwembamba alifunga mabamba ya chuma sakafuni ili uzito utimie. Mnene hakuhitaji. Hapo wote wakawa sawa, na kilichobaki ni nani anajua kukata kona. Siku Tani alipoelezwa sheria hiyo alicheka peke yake mbele ya tanuri. Mwili wake ulikuwa umeshasemwa na mafundi nguo, na mashemeji, na kila kiti chenye mikono ya kuegemea. Kumbe duniani kuna mahali unapimwa na gari lako na unaambiwa mko sawa, pita.

Basi yeye na mumewe wakalijenga gari kwa hesabu hiyo. Mumewe alikuwa fundi magari, gereji yake inapakana ukuta na tanuri la mikate, na mtaa mzima ulimwita Fundi tu. Waling'oa kiti cha nyuma, wakang'oa mazulia, redio, kisahani cha majivu na vitambaa vya milangoni, hadi ukigonga gari linalia kama debe. Kila kilichotoka, Tani alikifidia kwa kukaa. Fundi alikuwa na mikono ya dhahabu lakini moyo wa kunguru. Mteja akimfokea kwa kosa la mteja mwenyewe, Fundi ndiye anayeomba radhi, tena mara mbili mbili.

Msimu ule Tani alifika kwenye mbio za mwisho akiwa anaongoza. Aliyemfuata alikuwa muuza miwani, kijana mrefu mkondefu waliyemwita Sindano, na tofauti yao ilikuwa ndogo: atakayemtangulia mwenzake siku hiyo ndiye atakayechukua kombe la msimu. Tani alilitaka kombe lile, tusidanganyane. Alilitaka hadi unga ulimshinda kuchanganya, akatia chumvi mara mbili kwenye mikate ya wateja na kujifanya hajui kitu.

Asubuhi ya mbio, magari yakiwa tayari kwenye foleni, Mwenyekiti wa kamati akashika kipaza sauti.

Mwenyekiti huyu hakuwahi kuendesha hata mzunguko mmoja pale machimboni, lakini kubadilisha sheria alikuwa hachoki. Mwezi huu vioo vya pembeni viondolewe, mwezi ujao virudishwe. Matairi ya aina hii ni marufuku. Watu wakihangaika wakapata ya aina ile, nayo marufuku. Ukiuliza sababu unaambiwa kamati imeamua, na kamati yenyewe ilikuwa ni yeye, shemeji yake, na mtu wa tatu ambaye hakuna dereva aliyewahi kumtia machoni. Watu walinung'unika, wakafunga vioo, wakafungua vioo. Walipenda mno kukimbia, na Mwenyekiti alijua hivyo.

Siku hiyo alitangaza kwamba kamati imeona ni vyema kwenda na wakati. Kuanzia leo gari litapimwa peke yake, dereva akiwa ameshuka, na kiwango kimeshushwa kidogo kufidia huyo dereva. Ambaye gari lake ni jepesi aongeze chuma hadi uzito utimie. Akawatakia wote mbio njema.

Haikuhitaji mwalimu wa hesabu kufafanua. Gari la Tani lilikuwa limenyolewa hadi mifupa kwa sababu Tani mwenyewe ni uzito. Likipimwa tupu, itabidi lijazwe chuma, kisha Tani apande juu ya chuma hicho. Atakuwa amebebeshwa mwili wake mara ya pili. Na Sindano, ambaye msimu mzima alizunguka na mabamba sakafuni, gari lake lilitimiza kiwango kipya bila hayo, akayafungua asubuhi hiyo hiyo, akayatia kwenye gari la Mwenyekiti na kubaki mwepesi kama karatasi. Nimesahau kusema kwamba Sindano alikuwa mpwa wa Mwenyekiti. Wenye kuunganisha waliunganisha.

Fundi alikuja dirishani kwa mkewe akiwa amekunja mikono kifuani kama mtu anayesikia baridi. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kwenye pikapu yao kuna vipande vya reli chakavu, anaweza kuvifunga sasa hivi. Wataumia kidogo, ndiyo, lakini watakimbia, na ukiwa wa pili pia umekimbia. Alisema tusigombane na watu, mama, hawa ndio wenye mbio. Dada yake Fundi, ambaye kwa Tani ni wifi na kwa mtaa ni msusi mwenye ulimi wa wembe, alikuwa nyuma yake. Akamwambia kaka yake kwamba laiti uoga ungekuwa na uzito, wangemfunga yeye sakafuni na hiyo reli ikabaki.

Tani alikuwa ameshageuza kichwa. Alikuwa anaangalia mizani.

Sasa hii mizani muielewe. Ilikuwa ya kupimia malori ya kokoto, bamba pana la chuma lililolazwa ardhini kati ya kuta mbili za zege, na njia pekee ya kushukia machimboni ilipita juu yake. Mwenye machimbo aliwaazima Jumapili kwa sharti moja, kwamba isikwaruzwe. Hakuna gari ambalo lingefika kwenye njia ya mbio, dogo wala kubwa, bila kupita pale.

Zamu ya Tani ikafika. Akapanda juu ya mizani, akavuta breki ya mkono, akazima injini. Mkaguzi, mzee mpole mwenye kofia ya jua, akamwomba kwa heshima zote ashuke ili gari lipimwe.

"Pimeni na mimi ndani," Tani alisema.

Mkaguzi akaeleza kwamba sheria imebadilika. Tani akasema amesikia, spika zinafanya kazi vizuri. Mkaguzi akasema basi, mama, shuka. Tani akafunga mkanda.

Nyuma yake honi zikaanza. Wenye magari makubwa, ambao hawakuwa na habari na mambo ya uzito, walitaka kupita. Jua lilikuwa linapanda na bati la gari lilianza kuchoma. Jasho lilimshuka Tani ndani ya helmeti likamwingia machoni. Aliogopa, na hakuna haja ya kumpamba. Aliogopa kufukuzwa na msimu mzima kupotea kwa ukaidi wa asubuhi moja. Lakini kila alipofikiria kushuka, kusimama pembeni watu wakimwangalia, gari likipimwa kana kwamba yeye ni mzigo uliopakiwa kimakosa, miguu iligoma.

Mwenyekiti akaja mwenyewe, kipaza sauti mkononi. Alikuwa hajui kuongea bila kitu hicho, hata akiwa hatua mbili kutoka kwako. Kwa hiyo watazamaji wote waliokaa juu ya vilima vya kokoto walisikia mazungumzo yale kuanzia mwanzo. Alianza kwa upole, akamwita dada. Akasema kamati haina ubaya na mtu. Akashauri kwamba ikiwa uzito ni shida, mbona hapo yupo wifi yake, mwembamba, mwepesi, kwa nini asimpe usukani leo tu? Wifi akajibu bila kipaza sauti na bado akasikika kwamba yeye hata baiskeli humtupa, na kwamba Mwenyekiti kama anatafuta mwembamba wa kumpa kombe si tayari anaye kwenye ukoo.

Watu wakacheka, na kicheko kile kilimchoma Mwenyekiti. Akaacha upole.

"Dada, tuseme ukweli," alisema, na spika zote zikasema naye. "Sheria haijakukosea. Kilichokukosea ni mwili wako."

Waliokuwa wanacheka wakaacha. Hata honi ziliacha.

Tani alisikia uso ukimwaka. Alikuwa ameshasemwa sana maishani, ila hajawahi kusemwa kwa spika. Machozi yalimjaa, na hakutaka yamtoke mbele ya mtu yule. Akashika usukani kwa mikono miwili na kutazama mbele, na hapo ndipo gari likainuka.

Upande mmoja uliinuka taratibu, kwa mlio wa jeki. Tani akachungulia. Fundi alikuwa amepiga magoti kwenye bamba la mizani, spana mkononi, anafungua nati za tairi la mbele. Akatoa tairi, akaliegemeza ukutani, akaweka gogo la mti chini ya gari, akahamia tairi la nyuma. Alifanya kazi kwa utulivu ule ule wa gerejini, akipuliza udongo kwenye kila nati kabla ya kuitia mfukoni. Mwenyekiti alimwuliza anafanya nini. Fundi, mtu wa kuomba radhi, akamwangalia kidogo kisha akarudi kwenye nati zake.

"Namtengenezea mke wangu kiti," alisema.

Matairi yote manne yakatoka. Wifi akayabingirisha moja moja kuelekea kwenye foleni, na hapa ndipo mambo yalipogeuka kabisa. Dereva wa gari la wagonjwa alifungua buti lake, akapokea tairi moja, akafunga buti. Mwalimu wa hesabu akapokea la pili. La tatu na la nne yalichukuliwa na wale wale wenye magari makubwa waliokuwa wakipiga honi. Injini zikazimwa moja baada ya nyingine nyuma kote. Walikuwa wamefunga vioo na kufungua vioo msimu mzima, jamani, na walikuwa wamechoka.

Mwenyekiti akaagiza trekta. Trekta likaja, lakini mlinzi wa machimbo naye akaja mbio nyuma yake, akauliza kama wana wazimu. Gari lisilo na matairi ukiliburuta juu ya mizani ya bosi, mizani imekwenda, na Jumapili hii itakuwa ya mwisho kwenu hapa. Trekta likarudi lilikotoka. Mkaguzi alikuwa amevua kofia na anajipepea nayo, na uso wake haukuwa wa mtu mwenye huzuni.

Watazamaji wakaanza kupiga makofi ya kudai mbio. Mwenyekiti akazima kipaza sauti. Kwa mara ya kwanza tangu wamjue aliongea kwa sauti yake mwenyewe, ambayo ilikuwa ndogo tu. Aliinama dirishani kwa Tani na kumpa neno la siri. Kamati italifuta daraja la magari madogo kwa leo, kwa sababu za kiusalama. Kwa kuwa Tani anaongoza, msimu utahesabiwa umeishia hapo na kombe ni lake, atalibeba mchana huu huu. Yeye kazi yake ni kurudishia matairi na kusogea, magari makubwa yapite. Sheria mpya ibaki, mwakani kila mtu atajipanga.

Fundi aliyasikia yote. Akamwangalia mkewe kwa macho yanayosema chukua, chukua haraka kabla hajabadilika.

Na Tani alilitaka lile kombe, tumeshasema. Alilifikiria hasa. Aliliona likiwa mikononi mwake, na akajiona akilipokea kutoka kwa mtu aliyetoka kumtukana kwa spika, kwa sharti kwamba aondoke njiani. Mwakani atapimiwa gari tupu. Na watu watasema, kweli kabisa watasema, kwamba mwaka ule Sindano hakupewa nafasi ya kumshinda.

"Washa hicho kipaza sauti," Tani alimwambia. "Hayo uliyoniambia waambie na wao."

Mwenyekiti akasita. Wifi, aliyekuwa amesharudi na kusikia kila neno, hakuwa mtu wa kusita; aliyageuza maneno yale kuelekea foleni na kuyatangaza kwa mapafu yake, kombe, usalama, na mwakani. Foleni ikaunguruma. Tani akatoa kichwa dirishani, na helmeti ikagonga ukingo, ikabidi aivue kwanza.

"Silitaki kombe la kuhongwa," alisema. "Leo tukimbie kwa sheria tuliyoanza nayo msimu. Ya mwakani mtuulize sisi tunaokimbia. Vinginevyo leteni mkate, maana hapa nitashinda na nitalala."

Aliyevunja mkwamo ule hakuwa aliyetegemewa. Sindano alitoka kwenye gari lake, akaja hadi kwenye mizani, miguu mirefu, uso umemwiva kwa hasira. Watu walidhani anakuja kumtetea mjomba wake. Kumbe ndiyo kwanza amesikia kwamba daraja lao linafutwa. Alimwambia mjomba wake kwamba amejinyima msimu mzima kwa ajili ya leo, na hajamwomba mtu yeyote amfutie mbio. Akaongeza kwamba na lile la kupima gari tupu hakuliomba pia, ingawa alikiri, kwa aibu kidogo, kwamba asubuhi alifurahi. Kisha akaenda kwenye gari la mjomba wake, akafungua nyuma, akaanza kubeba mabamba yake ya chuma, mawili mawili, na kuyarudisha kwenye gari lake mbele ya watu wote.

Mwenyekiti alitazama mabamba yakipita. Akatazama foleni, akatazama vilima vya kokoto vilivyojaa watu. Akawasha kipaza sauti na kusema kwamba kamati imeamua. Wote walicheka, lakini walisubiri amalize. Leo ni sheria ya zamani, na sheria ya uzito ya mwakani itapigiwa kura na madereva.

Matairi yakarudi kutoka kwenye mabuti manne. Fundi aliyafunga huku akimwomba radhi kila aliyemletea tairi, maana uoga wake ulikuwa umemrudia wote kwa mpigo. Mkaguzi akatazama namba ya mizani, mke wa Fundi akiwa ndani, amevaa helmeti na kila kitu chake. Akasema sawa, pita.

Mbio zilianza mchana jua likiwa kali na udongo umekauka. Sindano alitangulia, mabamba yote sakafuni, na alikimbia vizuri, hakuna cha kumnyima. Ile kona ya chini, penye kokoto za kuteleza, aliikata mahali ambapo wengine hawathubutu. Tani akafuata. Gari lake lililia, likaruka, likatua. Juu kwenye mlima alikuwa mbele ya muda wa Sindano, watu wakasimama. Kwenye kona ya chini aligusa breki mapema. Kidogo tu, uoga wa mguu. Saa ilipotangazwa alikuwa amepitwa kwa pumzi moja, na kombe la msimu likawa limekwenda.

Alikaa ndani ya gari muda, helmeti kichwani. Alilia kidogo, kwa sababu lilikuwa linauma na hakuona sababu ya kujidanganya. Fundi alifika, akaegemea mlango, akasema polepole kwamba kombe lilikuwa limeshatua mkononi. Angekuwa yeye, angelichukua.

"Ndiyo maana hupewi usukani," Tani alimwambia, na akamshika mkono ule wenye grisi, akaung'ang'ania.

Mwenyekiti hakuweza kujizuia. Baada ya kumkabidhi mpwa wake kombe alipita karibu na gari la maandishi mekundu, kipaza sauti kikiwa kimewashwa kama kawaida yake, akamwuliza Tani anaonaje sasa. Si angesikiliza tu pale mwanzo, ikiwa kombe limemkosa vilevile?

Tani alishuka. Alishuka taratibu, mwili wake wote, mbele ya machimbo mazima, akasimama wima karibu na kile kipaza sauti.

"Mimi nimeshindwa na dereva," alisema. "Wewe ulitaka nishindwe na mizani."

Spika zikalipeleka hilo hadi juu ya vilima vya kokoto. Tani hakusubiri kuona watu wamelipokeaje. Alimwendea Sindano, akampa mkono, akamwuliza ile kona ya chini ameikata wapi hasa, maana mwakani anataka kupita hapo hapo kabla yake.